Mwenye Nyumba Aliyegeuzwa Yaya

Tangu nirudi Tabora sijapumzika. Anayekuja kunywa chai anauliza, anayekuja kununua maji ya barafu anauliza, na juzi dereva mmoja wa lori aliyelala hapa gesti, mtu nisiyemjua kabisa, alinisimamisha akiwa bado na mswaki mdomoni: "Samahani mama, ni kweli ulimwaibisha mwanamke wa Kihindi mbele ya Wazungu huko Kanada?" Nimechoka kusimulia vipandevipande, kila mtu akiondoka na kipande chake kwenda kukipika upya kwake. Naandika yote mara moja. Habari za pasi, viza na tiketi naziacha. Waliowahi kuzihangaikia wanazijua, na wasiowahi Mungu awaepushe.

Kwa msiomkumbuka, Nargis ni binti wa marehemu Bwana Kasamu aliyekuwa na duka la vitambaa na taa za chemli karibu na soko. Duka lile, na vyumba vya nyuma walimolala, vilikuwa ndani ya nyumba ya mama yangu, Bi Mariamu. Ndiyo nyumba hii hii ambayo leo ni gesti yangu. Walikuwa wapangaji wetu. Mimi na Nargis tulisoma darasa moja mpaka wao walipohamia Kanada, tungali wasichana. Zikaja kadi mbili tatu zenye picha za theluji, kisha kimya cha miaka na miaka.

Halafu ikaja simu. Nargis amekuwa mwandishi, ametoa riwaya ya Kiingereza, na mama yangu yumo. Waandaaji wa tamasha la vitabu Toronto wako tayari kunigharamia niende nisimame naye jukwaani. "Nimemweka mama yako kwa heshima kubwa," aliniambia, kwa Kiswahili kilichokuwa kikiwaka na kuzimika kama gari lililoegeshwa muda mrefu. Mama alikwisha fariki, Mungu amrehemu. Nani angekataa kwenda kuiona heshima ya mama yake?

Reli: Tabora hadi Dar

Treni iliondoka Tabora kwa wakati, jambo lililotutia wasiwasi sote. Wasiwasi ulikuwa wa haki. Tulipofika Itigi kichwa cha treni kilikata pumzi, tukakaa pale tangu asubuhi mpaka jua likaegemea upande wa pili, tukinunua mayai ya kuchemsha kwa watu wale wale mpaka tukajuana majina. Katika chumba chetu cha wanawake alikuwemo mama mmoja wa Manyoni mwenye maoni juu ya kila kitu. Nilipomwambia naenda Kanada kwa mwaliko wa familia ya Kihindi, alinishika mkono.

"Dada, wamekwambia utafanya nini huko?"

"Nitakaa jukwaani."

"Jukwaani," alirudia, kama daktari anayerudia dalili za mgonjwa. "Mhindi hakutoi Tabora mpaka Kanada ili ukakae. Wanatafuta yaya. Ukifika, tazama kama kuna mtoto mdogo. Ukimwona, geuza."

Nikamweleza kwamba nina gesti na wafanyakazi wangu, kwamba umri wa kubeba watoto wa watu umenipita, na kwamba watoto wa Nargis wana ndevu. Hakusadiki hata neno. Tulipofika Dodoma alininunulia paja la kuku, akanitazama nikila kwa macho ya anayemsindikiza mtu jela. Kuku alikuwa mtamu. Lakini nataka ijulikane kwamba mama yule alikosea kidogo tu. Yaya walikuwa wameshampata, hawamlipi kitu, naye alikuwa kaburini.

Angani, na bahari iliyohamia Tabora

Kitabu kilinisubiri Dar kwa jamaa zao Nargis. Jaladani kulikuwa na mwanamke mweusi ametupa kisogo, mtoto wa Kihindi mgongoni, na mbele yao maji na jua linazama. Nilikifungua ndegeni baada ya kuletewa wali uliopikwa na mtu asiyekula wali.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinanitosha kugombana na wageni wa mashirika ya misaada. Kitabu hiki kilitaka zaidi. Ukurasa wa kwanza, mawimbi yanapiga ukuta wa nyumba. Nikarudi nyuma nikidhani nimeruka kitu. Sikuruka. Mji unaitwa Tabora, kuna stesheni, kuna shule ya wasichana, na kuna bahari. Msichana anayesimulia anaamshwa kila siku na harufu ya chumvi na samaki wabichi. Wenzangu, mnajua samaki anavyotufikia sisi huku: amekauka, amekunjamana, na ana umri wake.

Kurasa chache mbele akaingia yaya. Jina lake Mariamu. Ana kicheko kikubwa na kifua kikubwa, na husema kwa mafumbo matupu, hata akiulizwa saa ngapi. Analala jikoni juu ya mkeka na hataki kitanda. Ndiye anayemnyonyesha msichana mama mzazi anapougua. Ndiye anayemfundisha majina ya nyota. Na familia inapoondoka kwa meli, anaingia baharini na nguo zake akilia, mpaka maji yanamfika shingoni.

Mama yangu! Bi Mariamu aliyekuwa na nyumba tatu mjini, na ambaye hakukosa kesi mahakamani kama watu wengine wasivyokosa kuku uani. Aliyelala kwenye kitanda cha chuma chenye chandarua, funguo kiunoni. Siku akina Nargis walipoondoka alikuwepo stesheni, ndiyo. Alikwenda kuhakikisha hawajabeba milango.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kilemba, akienda kwa mwanawe Brampton. Aliniona nahema, akauliza kwa Kiingereza kama kitabu kinahuzunisha.

"Kinamhusu mama yangu," nikamjibu.

Akafurahi mno. Alisema yeye watoto wake hawajamwandikia hata salamu. Akafungua chupa ya achari aliyoificha ndani ya soksi, akanigawia, na wali ule ukapata maana. Sikuwa na moyo wa kumweleza zaidi.

Mississauga: nyumba ya vinyago

Nargis alikuja uwanja wa ndege amevaa kitenge cha Afrika Magharibi, shanga za mti, na kilemba kilichopanda juu kama mtungi. Mimi nilikuwa na suti ya kijivu niliyoshonewa kwa safari hiyo na viatu vya kisigino. Kila mmoja alikuwa amejivika kwa ajili ya mwenzake, na matokeo yake tulipitana bila kutambuana.

"Rukia! Umekuwa Mzungu!" alipiga kelele hatimaye.

"Na wewe umekuwa Mnaijeria," nikamwambia.

Tukakumbatiana. Kicheko chake hakikubadilika hata chembe, na kwa muda ule nilisahau kwamba nimekuja na hasira.

Nyumba yake, pembeni mwa Toronto, ilikuwa kubwa, safi na kimya. Mumewe ni daktari wa meno, mtu mpole anayekuja nyumbani kulala. Wale vijana wake wawili wanaelewa Kiswahili na Kikachi, lugha ya mababu zao, ila ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama makarani wa benki. Ukutani vilijaa vinyago vya Kimakonde na vya nchi nisizozijua, na twiga wa mti alisimama nje ya choo kama mlinzi.

"Kwenu Tabora hamkuwa na kinyago hata kimoja," nilimkumbusha.

"Nilikuwa na kiu," akasema Nargis, na sikujua nicheke au nimpe pole.

Aliyenifurahisha ni mama yake, Mama Shirin. Nilimkuta chumbani kwake juu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Aliponiona alinishika mashavu.

"Rukia wa Bi Mariamu! Mama yako bado ana ulimi ule?"

"Alifariki, mama. Miaka michache sasa."

Alilia palepale, kilio cha kweli, cha sauti. Kisha akafuta macho na kuanza kuniuliza habari za mtu mmoja mmoja, barabara hata barabara, na maneno yakawa yanamwagika kama maji ya bomba lililokatwa wiki nzima. Nikamuuliza kama amekisoma kitabu cha binti yake.

"Kiingereza chake kirefu. Alinisomea kidogo nikasinzia. Kimesemaje?"

"Kimesema mama yangu alikuwa yaya wenu."

Mama Shirin alinitazama kama niliyemtukana. "Bi Mariamu? Yule ambaye nikisikia viatu vyake nilikuwa nafagia upya?"

"Kimesema alikuwa analala jikoni, na sote tulikuwa tunakunywa chai kikombe kimoja."

Alichezea pindo la shali yake. "Kile kikombe cha bati," alisema polepole, "nilikikuta dirishani nilipoolewa. Alikiweka mama mkwe."

"Nawe ukakiacha."

"Nikakiacha," akasema.

Kesho yake nilimkabili Nargis jikoni. Alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba riwaya si kweli ila ina ukweli ndani yake.

"Basi ungempa jina jingine," nikasema.

"Jina la mama yako lina muziki, Rukia."

"Na bahari?"

Aliona haya kidogo. "Mhariri alisema wasomaji wa hapa wanatarajia bahari."

Siku hiyo hiyo alinipeleka kwenye mtaa wa maduka ya Kihindi kununua halua. Muuzaji, mtu wa Delhi, alimuuliza kwao ni wapi India. Nargis akasema hajawahi kufika India, yeye anatoka Afrika. Muuzaji akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Huyu ndiye anatoka Afrika," akasema. "Wewe je?" Nargis akajaribu kumjibu kwa Kihindi chake cha kuokoteza kwenye sinema. Yule bwana, kwa huruma, akaendelea kwa Kiingereza.

Garini Nargis alipiga usukani. "Wazungu wananiita Mhindi. Wahindi wananiita Mwafrika. Na Waafrika..." Akageuka kunitazama. "Waafrika wananiitaje?"

"Sisi tulikuwa tunawaita wapangaji," nikasema.

Alicheka sana, akidhani natania.

Rexdale: kutafuta unga

Siku iliyofuata Nargis alikwenda kufundisha, akatuachia kwenye friji mkate bapa wenye jibini na mananasi. Mama Shirin aliutazama, akafunga friji, akavaa koti juu ya shalwar yake ya Kihindi.

"Nataka ugali," alisema. "Wewe unajua Kiingereza, mimi najua ninachokitaka. Twende."

Hakuwahi kupanda basi tangu aje nchi ile. Siku zote hupelekwa kwa gari, kama kifurushi. Tulipanda moja, tukateremka, tukapanda jingine, kila dereva akitusikiliza kwa subira na kutupeleka mahali tusikokutaja. Baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Hatimaye tukajikuta barabara ya Kipling, upande wa Rexdale, kwenye magorofa marefu, ndani ya basi lililojaa watu wanaotoka zamu viwandani, wamelala wakiwa wima. Hapo ndipo tukasikia, viti viwili nyuma yetu, mwanamke anamgombeza binti yake: "Miye nikisema na weye Kiswahili, unanijibu Kizungu! Niko mutu wa Toronto, miye?"

Mama Shirin aligeuka mwili mzima. "Mwache tu, mama. Wangu nao ni hivyohivyo."

Yule mwanamke alishika kifua. "Mungu wangu! Huyu mama Muhindi anasemaka Kiswahili!"

Jina lake Mama Furaha, mtu wa Uvira, Zaire, ambayo yeye anasema sasa inaitwa Kongo tena. Alikimbia vita, na sasa anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea na kuimba kwaya kanisani. Tulipomwambia tunatafuta sembe, uso ukamng'aa. Anayo, tena nyingi, twende kwake. Tukapanda lifti yenye harufu ya vitunguu vya mataifa yote, tukaketishwa, tukasubiri. Akaleta bakuli kubwa la kisamvu.

"Hiki ni kisamvu," nikasema.

"Ndiyo. Sombe."

"Sisi tunataka sembe."

"Si ndiyo hii, dada. Sombe!"

Tulibishana mpaka binti yake, kwa Kiingereza, akatuamulia. Unga nao ulikuwepo, yeye anauita bunga, na mwisho tulikula vyote viwili pamoja. Mama Shirin alikula kwa mkono, akaramba vidole, akaongezewa, akaongezewa tena. Sikumwona akila hivyo Mississauga. Kabla ya kuondoka nilimkaribisha Mama Furaha kwenye uzinduzi wa kitabu, yeye na wanakwaya wenzake. Nilimwambia kutakuwa na soda.

Mjini: jukwaani

Tamasha lilikuwa katikati ya Toronto, kwenye ukumbi wa maktaba, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kwa Kiingereza, nimeikariri, nimevaa suti. Mwandaaji, mama mwembamba mwenye miwani ya rangi, aliniangalia juu hadi chini akasikitika.

"Hatutaki ujisumbue na Kiingereza," aliniambia. "Watu wanataka kuisikia sauti yako halisi. Nargis atatafsiri." Kisha akamnong'oneza Nargis, na Nargis akaja na khanga mbili mpya, akanifunga juu ya suti. Nikapanda jukwaani nikiwa nimefungwa kama mzigo unaosafirishwa mbali.

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi Wazungu wenye shali na Wahindi waliovaa vizuri, Mama Shirin kati yao. Safu ya nyuma kabisa alikaa Mama Furaha na kwaya nzima, kila mmoja na soda yake. Mwenyekiti alikuwa profesa mwenye ndevu nyeupe anayefumba macho anaposikiliza. Nargis alisoma ile sehemu ya yaya kuingia baharini. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima. Mama mmoja mbele alitoa leso. Kisha profesa akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini kama aliye msibani: "Tuambie kuhusu mama yako."

Nilitaka kuwa na adabu. Nawaapia nilitaka. Lakini niliwatazama watu wale wanaomlilia mama yangu kwa kuzama kwenye maji ambayo hayapo, nikasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mama yangu hakumnyonyesha mtoto wa mtu. Alikuwa mwenye nyumba, na Bwana Kasamu alikuwa mpangaji wake. Asubuhi moja alipita kuangalia kama wamefagia, wakamkaribisha chai. Kwao Mswahili alikuwa na kikombe chake cha bati, kinakaa dirishani peke yake, kisiguse vyombo vya ndani. Mama alikitazama, akakirudisha, akaondoka. Kesho yake akaja na kikombe chake mwenyewe cha kaure chenye maua ya dhahabu. Akakaa kwenye kiti cha Bwana Kasamu, akasema: 'Nimiminieni humu. Kile cha bati mpeni bwana, naona chai yake inachelewa kupoa.'"

Safu ya nyuma ililipuka. Mama Furaha alicheka mpaka soda ikamwagika, na mzee mmoja wa kwaya akapiga paja, "Aa, huyo mama!" Wale wa mbele wakageuka kuwatazama, wakiwa bado wameshika leso.

Nargis alikuwa amekauka. Kisha akasogelea kipaza sauti, akatafsiri kwa sauti tamu: "Anasema mama yake alikuja kwetu kila asubuhi, tukanywa chai pamoja, kikombe kimoja, na hata leo anasikia joto la mikono yake."

Wa mbele wakatoa pumzi moja: "Aaaa." Wa nyuma wakatazamana. Profesa akafumbua macho.

"Samahani," alisema. "Wale kule nyuma wamecheka. Pengine kuna kitu kimepotea njiani?"

Ningeweza kusema mwenyewe, Kiingereza ninacho. Lakini nilimtazama Nargis, na yeye alikuwa anamtazama mama yake. Mama Shirin aliketi palepale, mikono magotini, akasema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti:

"Sema alivyosema, Nargis. Na kikombe chenyewe cha bati kilikuwa changu."

Nargis akakigeukia tena kipaza sauti. Akasema. Alitafsiri yote, neno kwa neno, mwenye nyumba, kikombe cha bati, dirisha, kiti cha baba yake. Sauti ilimtetemeka aliposema "baba yangu". Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu niondoke Tabora nilimwonea huruma bila kutia chumvi.

Sasa sikilizeni Wazungu. Profesa alisimama. Macho yalimng'aa. Alieleza kwamba hapa ndipo tunaona ukubwa wa riwaya hii: msimulizi wake haaminiki! Anajidanganya, na mwandishi anajua kwamba anajidanganya, na bahari ile ambayo Tabora haina ndiyo dalili tuliyowekewa tangu ukurasa wa kwanza. Akamuuliza Nargis kama sivyo. Nargis alimtazama kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba na asiyemjua. "Ndivyo," akasema.

Wakasimama wote, wakapiga makofi. Foleni ya kununua kitabu ilifika mlangoni. Wengine walitaka na mimi nitie saini. Nikawauliza nitie ya nani, wakasema yoyote. Basi nikaandika kwenye kila kitabu, kwa herufi kubwa: Bi Mariamu, mwenye nyumba.

Barabara ya kurudi

Tuliingia barabara kubwa, mji ukabaki nyuma. Mama Shirin alikuwa amefumba macho kiti cha nyuma, amelala au anatusikiliza, sijui.

"Umenidhalilisha," alisema Nargis.

"Umeuza vitabu vyote."

"Usinifanyie hivyo, Rukia." Alikuwa analia huku akiendesha, na magari ya nchi ile yanakwenda kasi, nikashika mlango. "Unajua kwa nini nilimfanya yaya? Unadhani ni dharau?"

"Niambie wewe."

"Kwa sababu mpangaji akihama, amehama. Hana haki ya kulilia nyumba. Nani atamsikiliza mpangaji? Lakini mtoto aliyelelewa pale, aliyenyonyeshwa pale, huyo anaweza kusema pale ni kwao. Nilihitaji mtu mmoja tu wa kule aliyenipenda." Akafuta pua kwa mkono wa kitenge. "Mama yako alinipenda?"

Mngejibu nini? Nilifikiri niseme ndiyo, tumalize.

"Alikupenda kama mpangaji asiyevunja vioo," nikasema. "Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Mimi ndiye niliyekupenda, Nargis. Tulikaa dawati moja. Kitabu kizima nimejitafuta, simo."

Aliwasha kiashiria, akatoka barabara kubwa, akasimamisha gari mbele ya duka la kahawa, akazima injini. Tulikaa pale vioo vikiingia ukungu. Kisha alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote: "Mhariri alisema watoto wawili wa shule ni jambo la kawaida mno."

Tulianza kucheka kwa wakati mmoja. Tulicheka vibaya, kwa uchungu, mpaka Mama Shirin akafumbua macho akauliza kama tumefika.

Kurudi

Siku ya kuondoka, tukiwa bado mezani na chai, Mama Shirin aliniuliza mbele ya wote kama chumba cha uani kule gesti, kile kinachoelekea kisimani, kina mtu. Nikamwambia mara nyingi kiko tupu, wageni hawapendi kelele za jikoni. Akasema kelele za jikoni ndizo anazozitaka.

Nargis alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. "Mama, nyumbani ni hapa."

"Hapa ni kwako," alisema Mama Shirin. "Umenitunza vizuri, sina lawama. Ila hata huku mimi ni mpangaji, na kule angalau namjua mwenye nyumba."

Palikuwa na machozi, palikuwa na simu kwa mwanawe mwingine aliyeko Vancouver, na yule daktari wa meno alisema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Mimi nilinyamaza, sikutaka kuonekana nimekwenda Kanada kuiba bibi. Ikabidi nisubiri siku kadhaa, ndiyo maana nilichelewa kurudi. Alisafiri nami kwa kile walichokubaliana kukiita matembezi. Njiani alilala usingizi wa mtoto, na tulipoingia kwenye treni Dar aliwafundisha wanawake wa chumba kizima kupika maharage ambayo hakuna aliyemuuliza.

Mvua zimepita na hajataja kurudi. Ijumaa anakwenda jamatini kusali, siku nyingine anagombana na mpishi wangu juu ya chumvi, na chumba anakilipia. Nilipomwambia akae bure aliniuliza kama mama yangu angefanya hivyo. Nargis anapiga simu hapa gesti kila Jumapili, na mimi na yeye tunaongea kwanza, muda mrefu, kabla sijampa mama yake mkono wa simu.

Jumapili iliyopita aliniambia ameanza kitabu kingine. Kinahusu mwanamke wa Kihindi anayeacha watoto wake Kanada, anarudi Afrika uzeeni, na anafia huko. Nikazuia mdomo wa simu kwa kiganja, nikamweleza Mama Shirin, aliyekuwa anachambua mchele pembeni yangu. Hakuinua macho.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamuuliza Nargis. "Anasema kwa majonzi," nikamrudishia.

Mama Shirin aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa uani. "Mwambie aweke pumu," alisema. "Majonzi yalipata nafasi nzuri ya kuniua kule Mississauga, na yakashindwa."